Shajara ya mradi: Madumu kumi ya kuupanda Rufiji kwa ndege ya maboya

Jumamosi, 10 Mei 2025

Mradi umeanza leo jioni barazani kwangu Kipawa, ndege za uwanja wa Julius Nyerere zikitupita juu ya paa kama kawaida yake. Tuko wawili: mimi, ambaye kazi yangu ya kila siku ni kupanga safari za ndege ndogo, na shemeji yangu, mume wa mdogo wangu, ambaye ni rubani. Yeye atarusha, na msaidizi mmoja wa kamera atakaa naye. Mimi nabaki Dar. Mafuta ni mzigo wangu.

Safari yenyewe ni hii: kutoka Dar, kushuka na pwani hadi delta ya Rufiji, kuingia mtoni na kuupanda mto wote mpaka Shuguli, pale Kilombero na Luwegu zinapokutana na jina Rufiji linapoanzia. Kutoka hapo wanaendelea na Kilombero mpaka Ifakara. Kila kona ya mto ipigwe picha kutoka juu. Mwakani, msimu wa kusi kama huu, zipigwe tena, tulinganishe.

Kwetu ni Utete. Babu alilima mlau: maji ya mafuriko yakirudi nyuma, yeye anayafuata na mbegu, anapanda kwenye tope lililoachwa. Shamba lake lilikuwa linahama na mto, lakini alijua linahamia wapi. Bwawa la Mwalimu Nyerere lilianza kujazwa Desemba 2022, na Aprili 2024 mafuriko yakafunika mashamba ya Rufiji na Kibiti. Sasa wajomba wanasema kingo zimehama, na penye mlau si pale tena. Wanasema, na mimi nawaamini, ila hakuna picha hata moja ya kuweka mezani. Nazitaka hizo picha.

Jumatano, 14 Mei

Usiku wa kwanza wa ramani. Nimechukua uzi mwekundu wa cherehani, nikaulaza juu ya mto kona kwa kona, nikaubana kwa pini, kisha nikaunyoosha kwenye rula. Dar hadi Utete kwa kupitia delta, kama kilomita 205. Utete hadi Mloka, kijiji cha mwisho kwetu kabla ya bwawa, 60. Mloka hadi Ifakara kwa kufuata bonde la mto, 250. Jumla 515 kwenda tu.

Nikafanya ninachofanya mtu akinipa barabara ndefu: nikaugawa uzi sehemu nne sawasawa, nikaweka pipa la lita 200 kwenye kila alama. Mapipa matatu. Nikampigia picha shemeji, nikamtumia. Akanijibu na swali moja: "Shemeji, hilo pipa la tatu litakaa juu ya nini?"

Nikaangalia tena. Alama ya tatu, kilomita 386 kutoka Dar, imeangukia katikati ya ziwa la bwawa. Ziwa hilo lina urefu wa kama kilomita 100, na hatutatua humo: shina la mti lililozama halionekani kutoka juu, na boya likiligonga kwa mwendo wa kutua, safari imeishia hapo. Ukuta wenyewe nao tutaupita kwa mbali, bila kuupiga picha. Baada ya ziwa kuna hifadhi, kisha maporomoko ya Shuguli. Kwa hiyo kutoka Mloka hadi Ifakara hakuna kituo. Huo ni mguu mmoja, upende usipende.

Nimechomoa pini zote.

Ijumaa, 16 Mei

Leo ni hesabu tupu, na nimezipenda kuliko nilivyotarajia.

Ndege ni ya watu wawili, injini ya Rotax 912 ya nguvu farasi 100, na maboya yake yana magurudumu, kwa hiyo inaweza kutua majini au kwenye uwanja. Matangi yanaingia lita 90. Ukisoma hapo tu utasema safari ni rahisi. Lakini uzito wa juu unaoruhusiwa ni kilo 650. Ndege tupu pamoja na maboya ni kilo 440. Watu wawili, 150. Kamera, majaketi ya kuokolea, nanga, kamba na kisanduku cha huduma ya kwanza, 17. Zinabaki kilo 43 za mafuta. Petroli ya ndege ina uzito wa kilo 0.72 kwa lita, kwa hiyo kilo 43 ni lita 60. Lita 30 za tangi zitabaki hewa safari nzima.

Injini inakunywa kama lita 20 kwa saa ikiwa imetulia angani. Nimeipangia 22, kwa sababu kuruka kutoka majini kunakula: maboya yanashikwa na maji, na injini inanguruma kwa nguvu yote mpaka yanyanyuke. Lita 60 kwa 22 ni saa 2 na dakika 44. Kanuni za kimataifa zinataka akiba ya dakika 30 kwa ndege inayoruka mchana, rubani akiongozwa na macho. Sisi tumeweka saa nzima, na hatutaigusa kwenye mpango wowote. Tunabaki na dakika 104 za kutumia. Kwa mwendo wa kilomita 140 kwa saa, ni kama kilomita 240.

Na mguu wa Mloka–Ifakara ni 250.

Nimelala na hiyo kumi kichwani.

Jumamosi, 17 Mei

Kumi imepatikana, na aliyeitoa ni kusi. Kuanzia sasa mpaka Septemba upepo unatoka kusini mashariki. Ukiupanda mto unaelekea magharibi, unakusukuma. Nikiuhesabia msaada wa kilomita 15 tu kwa saa, mwendo unakuwa 155, na kilomita 250 zinaisha kwa dakika 97. Akiba inabaki nzima na dakika saba juu yake.

Kurudi ni deni. Kusi lile lile linakuwa mbisho, upepo wa usoni, mwendo unashuka hadi 125, na kuufuata mto tena kutoka Ifakara kungechukua saa mbili kamili, ambapo akiba ingeliwa robo. Kwa hiyo kurudi hakuna picha: Ifakara hadi Mloka kwa mstari ulionyooka, kilomita 179, dakika 86. Shemeji alitaka picha za kurudi pia kwa sababu mwanga wa alasiri ni mzuri. Nimemwambia hapana, na amekubali bila kubishana. Amekaa angani miaka mingi, anaijua maana ya mbisho.

Jumamosi, 24 Mei

Aina ya mafuta. Injini hii inakubali petroli ya gari, mradi oktani yake isipungue 95, na inakubali petroli ya ndege, avigasi 100LL, ile ya rangi ya bluu. Petroli ya gari ipo kila mahali, Ikwiriri ipo, Ifakara ipo, na ndiyo injini inayoipenda zaidi, maana avigasi ina madini ya risasi ndani yake, nayo huacha utando kwenye plagi na kwenye oili. Lakini sitaweza kusimama kwenye pampu ya njiani nikajua kwa hakika oktani ya kilichomo, wala kimekaa siku ngapi kwenye tangi la chini. Isitoshe petroli ya gari ni nyepesi kugeuka mvuke kwenye joto, na mvuke ukijaa kwenye mrija, injini inakosa mafuta huku tangi lina mafuta.

Tunabeba avigasi kutoka Dar, yote. Oili itabadilishwa kila saa 25 badala ya kungoja. Hiyo gharama nimeikubali.

Na mapipa matatu yamekufa. Utete inahitaji lita 33 tu, Ifakara 36. Pipa la lita 200 lililofunguliwa na kubaki nusu ni hatari kwa kijiji na ni mtego wa maji: usiku hewa ya ndani inapoa, unyevu unatoa jasho kwenye chuma, jasho linateremka chini. Tunanunua pipa moja, tunaligawa kwenye madumu kumi ya chuma ya lita 20, na kila dumu linafunguliwa siku ya kutumika. Utete matatu, Mloka manne, Ifakara matatu. Shemeji alipendekeza Mloka yawe matatu, tupunguze mzigo wa kutunzwa. Nimeyaacha manne. Mloka ndiko wanakopita kwenda na kurudi, na ndiko watakakokimbilia kama mguu mrefu utakataa.

Jumapili, 15 Juni

Tumerudi usiku wa manane, vumbi mpaka kwenye kope. Siku tatu za kuangalia vituo kwa macho.

Tulitoka Dar kabla ya adhana, Mbagala, Mkuranga, Kibiti, tukavuka Daraja la Mkapa jua limeshatoka. Tukapinda Nyamwage kuingia Utete. Mjomba, mwalimu mstaafu, alikuwa ameshatupangia kila kitu. Stoo yake ya korosho iko mita themanini kutoka nyumbani, chini ya mwembe, kuta za fito bila kukandikwa, upepo unapita. Hakuna jiko karibu, hakuna watoto wanaochezea huko. Mtendaji wa kijiji alikuja, akaangalia, akaandika barua. Mjomba akaniuliza, "Mwanangu, hiyo petroli ya bluu, wenye bodaboda wakija nikawaambie nini?" Nikamwambia waambie ina risasi, si ya pikipiki, na ina mwenyewe.

Mtoni ndiko tulikokaa muda mrefu. Mzee mmoja mvuvi alitupakia kwenye mtumbwi, shemeji akakaa mbele na upondo, mimi katikati na daftari. Tulitafuta kipande kilichonyooka chenye urefu wa mita 800, maji yasiyopungua mita moja na nusu. Kila baada ya kupiga kasia mara kumi shemeji anatumbukiza upondo na kutamka namba. Mbili. Mbili. Moja na nusu. Nusu. Hapo kwenye nusu maji yalikuwa na rangi ile ile ya chai ya maziwa kama kwingine kote. Kutoka juu usingetofautisha hata kidogo. Mzee akasema fungu hilo la mchanga halikuwepo mwaka jana. Akatuonyesha kwa kidevu mahali pengine, chini ya ukingo wa mikorosho, akasema pale viboko hupumzika kuanzia saa nne mpaka jua lipoe, msiwaamshe. Kipande tulichokipata hatimaye kiko upande wa pili wa kisiwa cha matete. Shemeji alikipima mara tatu.

Mzee alikataa pesa ya kazi ya siku, akachukua ya mafuta ya taa. Aliomba jambo moja: picha zikitoka, aletewe ya fungu lake.

Mloka tulifika siku ya pili kwa barabara ya vumbi kutoka Kibiti. Huko mtunzaji ni mama mwenye duka, aliyeolewa huko akitokea Mohoro, mtu wa kunyoosha maneno. Nilikuwa nimefikiria chumba cha nyuma cha duka lake. Nikaweka mkono kwenye bati saa saba mchana, nikautoa haraka. Tukaafikiana banda la makuti nyuma ya kisima, sakafu imeinuliwa kwa magogo, kwa sababu Aprili mwaka jana maji yalifika kwenye kisima. Alituonyesha alama kwenye gogo la mnazi, usawa wa goti lake.

Nimegundua kitu kwenye safari hii ambacho uzi mwekundu haukunionyesha. Kwenye ramani nilikuwa natafuta mahali. Huko nimekuta kwamba mahali pako pengi, watu ndio wa kutafuta: anayeamka usiku kukitokea harufu, anayejua maji yamepanda kiasi gani tangu jana, anayepokea simu.

Jumanne, 17 Juni

Jioni nimepita Kivukoni kununua samaki, nikasimama kidogo kuangalia bandari. Mwaka 1937 ndege kubwa za majini za Imperial Airways zilikuwa zinatua humu humu zikitoka Uingereza kwenda Durban: Kisumu, Mombasa, Dar es Salaam, Lindi, Msumbiji. Ukiiangalia njia ile kwa jicho la mpangaji, ni mlolongo wa vituo vya mafuta uliopewa majina ya miji. Na kabla ya hapo, Novemba 1914, Waingereza walimkodi rubani raia, Dennis Cutler, na boti yake ya kuruka ya Curtiss, aitafute manowari ya Kijerumani Königsberg iliyojificha kwenye delta ya Rufiji. Mapema 1915 zikaletwa ndege za majini aina ya Sopwith, zikashindwa na joto la huku: hewa ya moto ni nyepesi, bawa halishiki, injini haina pumzi. Manowari iliangamizwa tarehe 11 Julai 1915, lakini joto lile lipo, na ndilo linalonifanya nigombane na kila kilo.

Jumamosi, 28 Juni

Madumu yamejazwa. Nilinunua kumi yaliyotumika kutoka kwa muuzaji mmoja wa mtaa wa Gerezani, ya chuma, yale yenye vishikio vitatu. Plastiki sikutaka: petroli ikitiririka kwenye plastiki inazalisha umeme tuli, na cheche moja inatosha. Tuliyaosha, tukayakausha juani siku mbili yakiwa kichwa chini, tukayapaka namba nyeupe.

Pipa lilikuja limelazwa, vifuniko viwili usawa mmoja, kushoto na kulia, ili mafuta yavifunike kwa ndani na maji ya mvua yasituame juu yake. Muuzaji anaijua kazi. Tukalisimamisha, tukaliacha litulie usiku mzima. Asubuhi tukaunganisha waya kutoka pipa hadi pampu hadi dumu kabla ya kufungua chochote, kisha pampu ya mkono, faneli ya chujio, dumu moja moja. Mrija wa pampu umekatwa uishie juu kidogo ya sakafu ya pipa. Kilichobaki huko chini hakiingii kwenye ndege ya shemeji yangu.

Jumapili, 6 Julai

Madumu yote yamefika. Utete na Mloka tuliyapeleka kwa pikapu, yamesimama, yamefungwa kamba, na mtungi wa kuzimia moto mbele. Ifakara yalipita Mikumi na Kidatu na binamu anayeendesha lori la mchele. Yatatunzwa na kaka yake, fundi wa mashine za kukoboa, kwenye kibanda kilicho nje kabisa ya karakana. Huko watatua uwanjani kwa magurudumu, si majini, kwa hiyo hakuna cha kupima kwa upondo. Hakuna la kuongeza.

Jumamosi, 19 Julai

Nimekwenda Mloka peke yangu kukagua. Utaratibu: dumu limesimama bila kuguswa tangu jana yake, unashusha mrija mwembamba wa kioo mpaka sakafuni, unaziba juu kwa kidole gumba, unautoa, unamimina kwenye chupa ya jamu iliyooshwa na kukaushwa. Unainua chupa usawa wa macho, mgongo kwa jua.

Namba 4, bluu safi. Namba 5, bluu safi. Namba 6, safi.

Namba 7. Chini ya chupa kulikuwa na ushanga. Mmoja, wa duara kamili, unang'aa kama jicho la samaki. Nikaizungusha chupa polepole, ushanga ukabingirika kwenye ukingo wa kioo, haukuchanganyika na chochote, ukarudi katikati. Kisha ukaonekana wa pili, mdogo. Mama mwenye duka alikuwa amesimama nyuma yangu, akauliza, "Hayo machozi ni ya nini?" Nikamwambia ni maji. Akasema, "Maji kidogo hivyo?" Nikamweleza kwamba maji ni mazito kuliko petroli, yanakaa chini, na mrija wa ndege unanyonya kutoka chini. Tone kama hilo likifika kwenye kabureta wakati ndege iko mita thelathini juu ya mto, injini inakohoa, na hakuna urefu wa kutosha kuamua lolote.

Mpira wa kifuniko ulikuwa umepasuka, ufa mwembamba kama unywele, upande wa ndani ambako hauonekani mpaka uukunje. Muuzaji wa madumu alibadilisha mipira tisa, huu hakuubadilisha, nami niliihesabu kwa macho bila kuikunja. Dumu lile lote limetoka kwenye mradi, litakwenda kwa mafundi wa kuoshea vyuma. Nimempigia shemeji, kesho analeta dumu jipya kutoka Dar, lililochujwa upya. Utete na Ifakara nimewaagiza watunzaji wakunje kila mpira mbele ya kamera ya simu. Yote sita ni mazima.

Jumatano, 30 Julai

Sasa jambo lililonikosesha usingizi kuliko yote: kwenye mguu mrefu, rubani anaruhusiwa kurudi mpaka lini?

Hesabu yake ni ya wazee wa anga. Chukua dakika za kutumia, 104. Zidisha kwa mwendo wa kurudi, 125. Gawa kwa jumla ya mwendo wa kwenda na kurudi, 155 na 125, yaani 280. Jibu ni dakika 46. Kabla ya dakika ya 46 anaweza kugeuka na kufika Mloka akiba ikiwa haijaguswa. Baada yake, lazima Ifakara iwepo.

Dakika 46 kwa mwendo wa 155 ni kama kilomita 120 kutoka Mloka. Nikaenda kwenye ramani. Ni pale pale, karibu kabisa na tundu la pini lililoachwa na pipa langu la tatu, katikati ya ziwa.

Tumepanga hivi. Hapo ziwani simu ya kawaida haishiki, kwa hiyo ndegeni kuna kifaa cha ujumbe cha setilaiti. Fundi wa Ifakara ataingia kibandani saa tano kamili, ataligusa kila dumu, ataangalia mawingu na uwanja, kisha atanipigia Dar. Mimi natuma ujumbe ndegeni wa maneno matatu: madumu, uwanja, anga. Ujumbe usipofika kabla ya dakika ya 46, shemeji anageuka. Hangoji ya 47, hapimi kwa hisia, haulizi. Ukimya maana yake hapana.

Shemeji alisoma, akasema, "Shemeji, andika na sahihi." Tumesaini wote wawili.

Jumamosi, 9 Agosti

Vibali vyote vipo mkononi. Wameondoka Dar saa 1:05 asubuhi, maboya yamepampwa maji yaliyopenyeza, maana lita moja ya maji ni kilo moja tunayoinyima mafuta. Utete wametua saa 2:38. Kule maji yalikuwa yametulia kama kioo, na kioo ndicho kinachomdanganya rubani: hajui yuko mita kumi au moja. Alitua sambamba na matete ili jicho lipate cha kushika. Mjomba akamimina lita 34. Mloka saa 4:02, lita 9. Mama mwenye duka alituma picha ya chupa ya jamu bila kuombwa. Bluu safi.

Saa 4:30 wakaruka kuelekea magharibi. Dakika ya 46 ni saa 5:16.

Saa 5:00 simu haikuita. Saa 5:04 nikampigia fundi, haipatikani. Nikampigia binamu, haipatikani. Nikapiga namba ya mtu wa tatu Ifakara, ya nne, zote vile vile. Nilikuwa nimekaa kwenye kiti cha jikoni, saa ya ukutani mbele yangu, na kifaa mkononi. Ningeweza kuandika "madumu, uwanja, anga". Nilikuwa na hakika madumu yapo, niliiona mipira yake kwa macho yangu. Anga ya Ifakara saa tano mwezi wa nane huwa wazi. Kidole changu kilikuwa juu ya kitufe, na sikukibonyeza, kwa sababu hakuna aliyeyagusa leo na kuniambia.

Saa 5:17 alama ya ndege kwenye skrini ikageuza kichwa.

Walitua Mloka saa 6:16 na lita 20 tangini, kasoro lita mbili ya akiba tuliyoiapia. Injini imekunywa 23 kwa saa, si 22. Kwenye mpango wa mwakani ni 23. Wakaongeza lita 40. Fundi alinipata saa 7:10 kwa simu: mtandao ulikatika Ifakara nzima, alikuwa amepanda baiskeli kutafuta mahali pa kushika, madumu yote salama, anga safi. Sauti yake ilikuwa inatetemeka. Nikamwambia kaka, umefanya kazi yako, na shemeji kafanya yake.

Jumapili, 10 Agosti

Wamerudia saa 4:20. Fundi alipiga saa 5:01 akiwa na simu mbili za mitandao miwili, wazo lake mwenyewe. Ujumbe ulifika ndegeni dakika ya 43. Ifakara saa 5:56. Lita 37. Wamelala huko.

Jumatatu, 11 Agosti

Ifakara hadi Mloka kwa mstari, mbisho kweli kweli, dakika 89. Mloka wakahitaji lita 18 za kufikia Dar na akiba nzima. Nimepiga hesabu ya kituo hicho: 9, kisha 40, kisha 18. Jumla 67. Madumu matatu ni 60.

Wametua Dar saa 8:40 mchana. Picha za fungu la yule mzee ziko kadi ya pili, nimezitoa kwanza. Fungu lina umbo la jembe, na ukingo wa kaskazini umekatika, unaonekana mpaka mizizi ya mikorosho ikining'inia. Mjomba ataichukua Utete Ijumaa.

Dumu la nne la Mloka limerudi na lita 13.